Mwanasheria asiyepiga saluti

Mtoto akisema anataka kusoma sheria, wazazi wengi huona joho jeusi, mahakama na jina la mtoto wao likisomwa kwenye taarifa ya habari. Wachache huona ofisi ndogo ndani ya kambi ya jeshi, yenye kabati la mafaili na mtu aliyevaa shati la kawaida akisoma mkataba wa kununua viatu vya askari.

Mtu huyo yupo. Marekani peke yake ina maelfu ya watu wa namna hiyo. Ni wanasheria wa Serikali ambao si askari. Hawana cheo cha kijeshi, hawavai kombati, hawapigi saluti. Wameajiriwa kama watumishi wengine wa umma, na kazi yao ni kumshauri mkuu wa kambi, au mkuu wa kamandi nzima, juu ya kile ambacho sheria inamruhusu kufanya na kile ambacho haimruhusu.

Wapo pia wanasheria ambao ni askari kamili, na mara nyingi hufanya kazi bega kwa bega na hawa wa kiraia. Tofauti ni kwamba askari huhamishwa kila baada ya miaka michache, raia hubaki. Mkuu mpya wa kambi anaporipoti, mwanasheria wa kiraia ndiye anayekumbuka kwa nini uzio wa upande wa mto haukujengwa, nani aliwahi kuishtaki kambi na mkandarasi yupi alilipwa mara mbili.

Kazi ya kila siku haifanani na sinema. Asubuhi kuna zabuni inayolalamikiwa. Mchana kuna mfanyakazi wa jikoni aliyefukuzwa na sasa anakata rufaa. Halafu mkuu anauliza kama anaweza kupokea saa aliyopewa na kampuni inayouza vipuri. Hawezi. Je, fedha zilizotengwa kukarabati hospitali ya kambi zinaweza kujenga kiwanja cha mpira? Haziwezi, Marekani ina sheria za tangu karne ya 19 zinazokataza ofisa kutumia fedha za umma nje ya kile Bunge lilichoidhinisha. Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo lilianza kuwa na ofisi ya wanasheria wa kiraia mwaka 1941, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya mikataba ya manunuzi ya vita.

Kinachowachanganya wengi ni swali la mteja. Mwanasheria huyu anakaa chumba cha jirani na mkuu, anakula naye bwaloni, anajua siri zake za kazi, lakini mkuu si mteja wake. Mteja ni taasisi. Mkuu akija na shida yake binafsi, labda anachunguzwa au anaachana na mkewe, anapaswa kuambiwa mapema kwamba hapo atafute wakili wake. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama ataelewa haraka. Unakaa karibu na mwenyekiti, unamheshimu, lakini fedha si za mwenyekiti.

Kwa familia za Watanzania na Wakenya walioko Marekani, kazi hii si ya mbali tena. Watoto waliozaliwa huko wanamaliza shule za sheria, na Serikali ni mwajiri mkubwa. Masharti yanajulikana: shahada ya kwanza, miaka mitatu ya shule ya sheria, leseni ya uwakili ya jimbo lolote na uraia wa Marekani. Baada ya hapo kuna upekuzi, na hapo ndipo wazazi hushtuka. Fomu inauliza wazazi walizaliwa wapi na sasa wako wapi. Inauliza ndugu, wakwe, na watu wa nje ya nchi ambao mwombaji ana ukaribu nao. Inauliza mali iliyo nje. Kiwanja cha Kigamboni alichonunuliwa na baba yake kinatakiwa kuandikwa, na bibi wa Moshi anayepigiwa simu kila Jumapili naye ataandikwa.

Kuwa na ndugu nje si kosa. Kuwaficha ndiyo kosa, na vijana hukwama hapo kwa sababu mzazi alisema hilo la kiwanja liachwe.

Lakini fomu ni sehemu nyepesi. Uzito wa kazi hii hauonekani mpaka siku mkuu anapouliza swali ambalo jibu lake la kweli halimpendezi. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Alberto Mora.

Mora alizaliwa Boston mwaka 1952, mama Mhungaria, baba Mcuba. Alikulia katika familia iliyojua kwa macho yake serikali zinazofanya zitakavyo na watu. Mwaka 2001 aliteuliwa kuwa mshauri mkuu wa sheria wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, raia akiongoza mamia ya wanasheria, kwa itifaki akihesabiwa sawa na jenerali wa nyota nne. Septemba 11 ya mwaka huohuo alikuwa ofisini kwake Pentagon ndege ilipogonga jengo hilo. Aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, na mtu wa chama chake, hakuwa mpinzani wa Serikali wala wa vita vyake.

Desemba 17, 2002, David Brant, mkuu wa kitengo cha upelelezi cha Wanamaji, alimfuata akiwa na wasiwasi. Wapelelezi wake waliokuwa kambi ya Guantanamo, Cuba, walikuwa wameona namna baadhi ya mahabusu wanavyohojiwa, na hawakutaka kushiriki. Mahojiano hayo hayakuwa chini ya Mora. Angeweza kusema si idara yake na faili likaishia hapo. Alitaka kusikia zaidi.

(Kambi hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Mzanzibari mmoja alishikiliwa huko kuanzia 2006 kabla ya kuhamishiwa New York na kuhukumiwa, na Mkenya mmoja aliyekamatwa 2007 alirudishwa Kenya Desemba 2024 bila kufunguliwa kesi.)

Mahabusu aliyekuwa katikati ya yote alikuwa Mohammed al-Qahtani, raia wa Saudi Arabia. Agosti 2001 alizuiwa kuingia Marekani uwanja wa ndege wa Orlando, na wachunguzi waliamini alikuwa amekuja kujiunga na watekaji wa ndege. Hili lisirukwe. Wanaomtetea mtu asiye na hatia wana kazi rahisi kidogo. Mora hakuwa na raha hiyo.

Kumbukumbu rasmi zinaonyesha al-Qahtani alihojiwa saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa siku 48 ndani ya siku 54. Alivuliwa nguo mbele ya watu. Aliamriwa afanye vitendo vya mbwa. Mapema Desemba mapigo ya moyo wake yalishuka hadi 35 kwa dakika, akapelekwa hospitali ya kambi. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa na mapigo 60 hadi 100. Alipotulia, mahojiano yaliendelea.

Usingizi unastahili kutazamwa peke yake, maana watu wengi huona kunyimwa usingizi ni usumbufu mdogo, si mateso. Mama mwenye mtoto wa wiki mbili anajua vizuri zaidi. Baada ya siku chache za kulala kwa vipande, mtu husahau alichokuja kuchukua jikoni, hulia bila sababu, huweka chumvi kwenye chai. Ukiongeza siku, akili huanza kuona visivyokuwepo. Na kwa mpelelezi kuna ubaya mwingine: mtu asiyelala hukubali haraka jambo analoambiwa, hata kama si kweli, ili tu aachwe. Kwa hiyo maneno yanayopatikana ni mengi, ila hayategemeki.

Michael Gelles, mwanasaikolojia wa kitengo cha Brant, ndiye aliyeona hatari hii mapema. Yeye na wenzake walikuwa na jina la hali fulani ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa mteremko wa nguvu. Mhoji akishavuka mpaka wa kwanza na kutumia nguvu kidogo, halafu asipate jibu, hasemi nguvu imeshindwa. Husema haijatosha. Anaongeza. Ikishindwa, anaongeza tena, na kila hatua inaonekana ndogo kwa sababu inapimwa na hatua ya jana, si na mahali alipoanzia.

Mzazi hahitaji kwenda Cuba kuielewa hali hiyo. Mtoto amekataa kusema nani alivunja kioo cha kabati. Kofi moja. Hajasema. Mkanda. Bado. Kufikia hapo kioo kimeshasahaulika, kinachopiganiwa ni nani atashinda. Waraka wa Serikali ya Tanzania wa mwaka 2002 uliweka kikomo cha viboko vinne shuleni, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na viandikwe kitabuni. Aliyeandika kikomo hicho aliujua mteremko, kwa hiyo akaweka namba, mtu mmoja wa kuwajibika na kumbukumbu. Namba bila mtu wa kuisimamia ni nyingine, na wazazi wenye watoto shule za msingi wanalijua hilo.

Sio wataalamu wote wa afya waliosimama upande wa Gelles. Wapo waliokaa na wahoji na kuwashauri. Ilichukua mpaka 2015 kwa chama cha wanasaikolojia wa Marekani kupiga kura ya kuwakataza wanachama wake kushiriki mahojiano ya namna hiyo.

Mora alipoomba karatasi zilizoruhusu mambo hayo, alipata waraka ambao Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, aliusaini Desemba 2, 2002. Uliruhusu, kati ya mengine, kumsimamisha mtu hadi saa nne mfululizo, kumtenga hadi siku 30, kumnyima mwanga na kutumia vitu anavyoviogopa, mbwa wakitajwa kama mfano. Chini yake waziri aliongeza kwa mkono wake kwamba yeye husimama saa nane hadi kumi kwa siku, kwa nini wao iwe saa nne tu. Alikuwa akifanyia kazi kwenye meza ya kusimamia. Mora aliona kuwa wakili yeyote wa utetezi angeushika utani huo na kuusomea mahakama kama ruhusa ya kuvuka mipaka.

Nyuma ya waraka huo kulikuwa na maoni ya kisheria yaliyoandikwa Guantanamo kwenyewe mwezi Oktoba, na mwanasheria askari mwenye cheo cha luteni kanali. Miaka baadaye aliliambia Baraza la Seneti kwamba alishtuka kuona maoni yake ndiyo yaliyofanywa neno la mwisho. Alikuwa chini ya mkuu aliyetaka kibali, mbali na maktaba na mbali na wenzake. Ni rahisi kumlaumu mtu huyo. Ni vigumu zaidi kujibu swali la kwa nini karatasi yake ilipanda ngazi hadi kwa waziri na kila aliyeipokea akaridhika kuipitisha.

Desemba 20 Mora alikwenda kwa William Haynes, mshauri mkuu wa sheria wa wizara nzima, raia kama yeye. Hakuanza kwa kupiga kelele. Alimuuliza maswali ambayo wakili mzuri huuliza. Kunyimwa mwanga maana yake nini? Kwa siku ngapi? Mpaka lini? Kutumia hofu ya mtu kunaishia wapi? Karatasi haikuwa na mwisho, na amri isiyo na mwisho huenda inakotaka. Akaondoka akiamini ameeleweka, akaenda Miami kwa mapumziko ya sikukuu.

Mapema Januari Brant akamwambia hakuna kilichobadilika.

Mora alirudi kwa Haynes. Safari hii alimkumbusha kazi yake: amlinde mteja wake. Kauli hiyo ni ya kitaalamu kuliko inavyosikika. Mwanasheria anayempa bosi kila anachotaka anamwacha wazi, kwa sababu kesi ikija, saini ni ya bosi.

Halafu Januari 15, 2003, akafanya jambo ambalo watumishi wengi wa umma watalitambua. Aliandika waraka kwamba mbinu hizo kwa uchache ni ukatili na udhalilishaji, na kwa ubaya wake ni mateso. Hakuusaini. Alimpelekea Haynes rasimu na kumwarifu kwamba ataisaini jioni ile kama hajasikia kuwa ruhusa imesimamishwa. Karatasi ikishasainiwa ina tarehe, ina namba ya faili, haiwezi kuambiwa haipo. Siku hiyohiyo Rumsfeld alisimamisha ruhusa.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Haikuishia. Waziri aliunda kikundi cha wanasheria kutazama upya suala lote, na kikundi hicho kilielekezwa kufuata maoni ya Wizara ya Sheria yaliyoandikwa na John Yoo. Kwa maelezo ya Mora, alipomuuliza Yoo kama Rais anaweza kuamuru mtu ateswe, alijibiwa kuwa anaweza. Yoo alikuwa raia. Haynes alikuwa raia. Na wakuu wa wanasheria askari, wale wenye kombati na nyota, waliandika barua za kupinga. Kwa hiyo anayedhani suti peke yake inamlinda mtu asitii ovyo, kisa hiki kinamkatalia.

Ripoti ya kikundi ilikamilishwa Aprili 2003 bila Mora kuambiwa. Alidhani imewekwa kando. Aligundua mwaka uliofuata, picha za gereza la Abu Ghraib, Iraq, zilipotoka na nyaraka kuanza kuvuja. Julai 2004 alimwandikia mkaguzi mkuu wa Jeshi la Wanamaji waraka wa kurasa 22, akipanga kila kikao kwa tarehe. Karibu yote yanayojulikana juu ya upande wake yanatokana na kurasa hizo. Mwanzoni mwa 2006 aliondoka serikalini na kwenda kufanya kazi kampuni binafsi, na mwaka huo akapewa tuzo ya ujasiri inayobeba jina la Rais John F. Kennedy.

Nyumbani, kazi ya namna hii huonekana kwa njia nyingine. Mke au mume anauliza siku ilikuwaje, anajibiwa ilikuwa nzuri. Siri ya mteja na siri ya Serikali zote zinafunga mdomo. Daktari wa magonjwa ya akili Jonathan Shay, aliyewatibu askari waliotoka vita vya Vietnam, alisaidia kulipa jina jeraha linalompata mtu aliyefanya, aliyeshuhudia au aliyeshindwa kuzuia jambo lililokwenda kinyume na dhamiri yake. Hilo ni jeraha la dhamiri. Si hofu ya risasi, kwa hiyo humpata hata aliyekaa ofisini. Huja kama aibu, kukosa usingizi, hasira ndogondogo kwa watoto, kukaa peke yake kwenye gari baada ya kufika nyumbani. Manesi, polisi na maofisa ustawi wa jamii nao hulijua.

Mwenza hahitaji kujua siri ili kusaidia. Anaweza kuacha kuuliza nini kimetokea na kuuliza kama usiku amelala. Anaweza kumtafutia mtu wa kuzungumza naye: mshauri nasaha, daktari, kiongozi wa dini, au mwanasheria mwenzake mwenye ruhusa ya kusikia. Na kuna suala la fedha, ambalo familia huliona la aibu kulitaja. Mtu ambaye mkopo wa nyumba, ada za shule tatu na gari vyote vinategemea mshahara wa mwezi huu ana nafasi ndogo ya kumwambia bosi hapana. Akiba ya miezi michache humpa nafasi hiyo. Mzazi anayetaka mwanawe awe mwanasheria mwaminifu asimwongezee michango ya harusi tano kwa mwaka.

Kuhusu al-Qahtani, mashtaka dhidi yake yaliondolewa mwaka 2008. Aliyeamua hivyo alikuwa Susan Crawford, mwanamke ambaye miaka ya 1980 alikuwa mshauri mkuu wa sheria wa Jeshi la Nchi Kavu, naye raia. Januari 2009 alilieleza gazeti la Washington Post kwamba yaliyofanywa yalifikia tafsiri ya kisheria ya mateso, ndiyo maana hakuruhusu kesi iende mbele. Mtu aliyeshukiwa kuja kushiriki mauaji ya Septemba 11 hakufikishwa mbele ya mahakama yoyote kujibu tuhuma hizo. Machi 2022, baada ya miaka 20 kambini, alirudishwa Saudi Arabia kwa matibabu ya akili.